Kwenda kuwatazama: siku yangu moja Karonga

Saa 10:30 alfajiri

Mwezi wa Februari huku Karonga, kaskazini mwa Malawi, hata alfajiri ina joto. Jumatano ya juma lililopita niliamka kabla ya jogoo wa jirani, nikamkuta mume wangu yuko uani tayari, amepindua baiskeli magurudumu juu, anaziba pancha kwa mwanga wa simu. Tuliomba palepale, yeye vidole vimeganda solusheni. Tukasoma neno la siku katika kijitabu ambacho Wamoravian wamekuwa wakikichapisha tangu mwaka 1731, kisha tukaanza kuwataja watoto tunaowatembelea. Tunawataja mmoja mmoja kwa jina. Kwa sasa wako 63, na kuwataja wote kunachukua muda kuliko sala yenyewe, lakini hatujawahi kukubali kusema "uwabariki wote" tukaishia hapo.

Sisi ni familia ya watu watano kutoka Tukuyu, Tanzania. Mume wangu ni mchungaji, mimi nimesomea uuguzi. Kanisa lilitutuma ng'ambo ya Mto Songwe miaka sita iliyopita. Nyumbani watu wakisikia habari za misheni nje ya nchi huwaza ndege. Sisi tulivuka mpaka wa Kasumulu kwa miguu, magodoro na masufuria yakitangulia kwenye mkokoteni. Lugha haikutusumbua sana. Kingonde cha hapa na Kinyakyusa chetu ni ndugu wa tumbo moja, na sokoni Kiswahili kinasikika kila siku kwa sababu ya biashara ya mpakani. Hata mchele unaosifiwa huku unaitwa Kilombero. Wamisionari wa kwanza wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walipitia ziwa hili hili la Nyasa, kwa hiyo nikiamka hapa asubuhi najiona mtu anayerudisha alichopewa babu yake.

Saa 12 asubuhi

Watoto wetu watatu walikunywa chai na viazi vitamu, wakagombania kitana, wakaondoka. Wakubwa wawili wanasoma shule ya msingi ya serikali pamoja na watoto wa kijiji, na wakiwa njiani wanaongea Kitumbuka hadi mimi naachwa nyuma.

Saa 1 asubuhi

Chekechea huku huitwa sukulu ya mkaka, yaani shule ya maziwa. Yetu iko chini ya paa la nyasi nyuma ya kanisa, na mwenye nguvu pale ni chungu cha uji. Unga wake ni ule ambao Malawi nzima wanauita likuni phala: vipimo vinne vya mahindi, kimoja cha soya. Soya lazima ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, mpaka maganda yapasuke na harufu ibadilike, la sivyo watoto wataumwa matumbo. Wajane wawili wa zamu walikuwa wameshawasha moto. Mmoja alikoroga, mwingine akamimina maji ya moto kidogo kidogo, na mimi nikawa nawanawisha watoto mikono.

Hawa wanaokunywa uji hapa wengi wao wana baba na mama. Tuliamua hivyo kwa makusudi. Mwanzoni uji ulikuwa wa mayatima peke yao, na haikupita wiki mbili watoto wengine wakaanza kuwaita "watoto wa uji". Siku niliyolisikia jina hilo nililia jikoni. Tangu hapo anayekuja anakunywa.

Unga ulikuwa umebaki robo debe. Februari ndiyo mwezi mgumu kuliko yote: mahindi ya mwaka jana yamekwisha ghalani, ya mwaka huu bado yanatoa ndevu shambani. Ukitaka kujua hali ya kijiji mwezi huu, tazama saa ngapi moshi unatoka jikoni. Nyumba nyingi ni mara moja tu, jioni.

Saa 3:30 asubuhi

Nilipanda kabaza, teksi ya baiskeli, mpaka mwisho wa njia ya magari, kisha nikashika kwa miguu njia ya majaruba ya mpunga. Nilikuwa naenda kwa bibi mmoja anayelea mjukuu wa kiume wa miaka mitatu. Mama wa mtoto alifariki mwaka juzi. Malawi ndiyo nchi iliyoanza, mwaka 2011, kumwanzishia kila mjamzito mwenye virusi vya Ukimwi dawa za maisha yote, na watoto wengi sana wamezaliwa salama kwa ajili hiyo. Lakini yule mama alifika kliniki akiwa amechelewa mno, na mtoto akazaliwa navyo.

Nilipofika niligusa magoti chini kama tunavyofanya kwetu, nikamwambia, "Mugonile." Akaitikia, "Ndaga, mwanangu, ndaga," akanitandikia mkeka kivulini.

Bibi hajui kusoma. Mwaka jana tulikubaliana naye alama: kila jioni akishampa mtoto dawa, anachukua kipande cha mkaa na kuchora mstari mmoja ukutani, nyuma ya mlango. Ni vidonge viwili vidogo vinavyoyeyushwa kwenye kijiko cha maji, vina ladha ya stroberi, na mtoto hulamba kijiko mpaka kikauke. Siruhusiwi kuandika dawa nchi hii, wala sihitaji. Dawa anatoa wa kituo cha afya. Kazi yangu ni kuhesabu na kusikiliza.

Nikahesabu. Kituoni alikuwa amechukua vidonge 60, na zilikuwa zimepita siku 22. Vilitakiwa vibaki 16. Kwenye kichupa nilivikuta 20. Nikarudia kuhesabu, 20. Basi nikainuka nikaenda nyuma ya mlango, nikavuta mlango taratibu kwa sababu bawaba moja imelegea, nikahesabu mistari kwa kidole. Ilikuwa 20, si 22.

Nilisimama pale nikiwa na uzito moyoni. Angeweza kuchora miwili zaidi asubuhi ile aliponiona nikija kwa mbali kwenye majaruba. Mkaa ulikuwa palepale sakafuni.

Nilikaa tena mkekani, nikamuuliza bila haraka ni jioni zipi mbili. Akazijua mara moja. "Hakukuwa na chakula," akasema. "Dawa kali kwenye tumbo tupu si ingemuua mtoto?"

Kosa lilikuwa langu. Dawa zile mtoto anaweza kuzimeza hata kama hajala, na mimi naijua habari hiyo kama ninavyolijua jina langu, lakini katika mwaka mzima wa kumtembelea sikuwahi kumwambia, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba jioni ya namna hiyo ingefika. Nilimwomba msamaha. Nikamweleza mara tatu, naye akanieleza mimi, mpaka nikaridhika kwamba tumeelewana: chakula kikiwepo, dawa; chakula kisipokuwepo, dawa. Nikamtolea kilo mbili za likuni phala nilizobeba kwa ajili ya nyumba nyingine. Ile nyumba nyingine niliipangia keshoye, na sijui walikula nini usiku ule.

Wakati wote huo mtoto alikuwa amekaa mgongoni kwangu kama amebebwa, ameshika kola ya gauni langu kwa mikono miwili. Nilipotaka kuondoka bibi alimwita kwa neno moja tu, akaniachia papo hapo, akakimbilia kwenye goti lake.

Saa 7 mchana

Nilikula kwa mama mmoja wa zamu: ugali, ambao huku ni nsima, na usipa, dagaa wetu wale wale wa Nyasa, waliopikwa na nyanya. Kukataa chakula katika mwezi kama huu kungekuwa kumwambia mtu kwamba ni maskini. Nikala kidogo, nikasifu sana.

Saa 8:30 mchana

Afisa ustawi wa jamii wa wilaya alikuja kwa pikipiki, akamkuta mume wangu na mimi tukimngoja kwa wale mapacha. Kulwa na Doto, tungewaita kwetu. Wana miaka saba. Mama yao alipofariki walichukuliwa kwa gari hadi kwenye makao ya watoto mbali na hapa, karatasi zikiandikwa kwamba hawana ndugu. Bibi yao mzaa baba alikuwa hai, alikuwa hospitalini wiki ile na mguu uliovunjika. Alipotoka akakuta nyumba tupu. Ilimchukua miaka mitatu kuwarudisha, na mume wangu alitembea naye ofisi kwa ofisi mwaka wa mwisho.

Wamerudi tangu Agosti. Afisa huja kuona wanaendeleaje, na anafanya kazi yake kwa upendo. Hukaa chini, hamuulizi mtoto maswali akiwa amemsimamia. Wanaendelea vizuri mwilini. Shuleni wanajua kusoma kuliko wenzao, na hilo walilipata kule, nalisema kwa shukrani. Lakini pacha mdogo anamwita kila mwanamke "mama". Mimi mama, muuza vitumbua mama, mgeni wa dakika tano mama. Siku ile alimwita hivyo hata karani aliyepita akitafuta njia. Bibi yao aligeuza uso akajifanya anachambua mboga.

Afisa aliandika, akafunga daftari, akauliza bibi ana shida gani. Akasema, "Sare moja imechanika. Mengine ni ya Mungu." Sare tutashona sisi, cherehani ya kanisa ipo.

Saa 10:30 jioni

Mvua ilitukuta njiani. Karonga mvua ikinyesha milimani watu hutazama mto kabla ya kutazama mawingu, maana North Rukuru umeshafurika mara nyingi. Tulipita salama. Nyumbani nilikuta watoto wameingiza nguo zilizoanikwa bila kuambiwa.

Saa 1 usiku

Jumatano ni siku ya kumpigia bibi yao Tukuyu. Hiki ndicho kitu ninachokibeba peke yangu, na leo nakiandika: mchana kutwa nahangaika ili mtoto akae karibu na bibi yake, na wangu watatu wanamwona bibi yao mara mbili kwa mwaka, nusu siku ya safari kutoka hapa. Mwezi wa pili tangu Krismasi, kitinda mimba ananiuliza bibi ana sura gani.

Simu ilishika kwa shida. Mama mkwe aliwauliza kwa Kinyakyusa kama wamekula, kama wamesali, kama wanamsaidia mama. Wakubwa wakajibu kwa Kiswahili. Mdogo, ambaye Kinyakyusa hajafundishwa na mtu, alimjibu kwa Kingonde cha watoto wa hapa, sentensi nzima. Kukawa kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia mama mkwe akicheka na kulia kwa pamoja, akimwambia, "Ndaga, ndaga fijo," asante, asante sana.

Saa 3 usiku

Watoto wakiwa wamelala tulikaa na barua. Ni ya usharika mmoja wa mbali, watu wema waliotuombea tangu mwanzo, ambao wamechangishana fedha ili watujengee bweni la vitanda 40. Tumeanza kuwajibu mara tatu.

Sisi wenyewe tulivuka mpaka tukiwa na ramani ya jengo kama hilo. Ramani bado iko sandukuni. Mwaka wa kwanza afisa wa ustawi alituuliza swali moja: watoto hao sasa hivi wanalala wapi? Tukaenda nyumba kwa nyumba kutafuta jibu. Karibu wote walikuwa na mahali: kwa bibi, kwa shangazi, kwa kaka wa miaka ishirini. Kilichokosekana ni unga, nauli ya kliniki, sare, na mtu wa kuja kuwaona. Na nimeshaona vitanda vikijengwa: vikishakuwepo hutafutiwa watoto, na bibi mwenye njaa Februari atamtoa mjukuu wake kwa machozi akiamini anamtendea mema.

Mume wangu anataka tuwaeleze miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009, ambayo inasema umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Mimi nilitaka tuanze na Waraka wa Yakobo, maana wao ni watu wa Neno: "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao". Kwenda. Kwetu mgonjwa tunakwenda kumtazama, tunakaa kitandani pake, tunamwacha nyumbani mwake. Na yatima ametajwa pamoja na mjane, kwenye pumzi moja, kama wale niliowaona siku ile mlangoni pamoja.

Tuliona tutaje vyote viwili, na tuwaombe kama fedha hizo zinaweza kuwa unga wa Desemba hadi Machi, na mashine ya kusaga soya. Huenda wakakataa. Jengo linapigwa picha. Bibi aliyeshiba hapigwi.

Kabla hatujazima taa nilichukua kalamu nikaandika mwanzo mpya, wa nne, kwa mkono wangu: "Wapendwa wetu katika Bwana, leo nilihesabu mistari 20 ya mkaa nyuma ya mlango wa bibi mmoja."