Nilivyopata A, B, C, D na E kwa milinganyo mitatu tu

Sehemu ya kuvunja, yaani kuiandika kama jumla ya sehemu rahisi zaidi, ilikuwa hii:

(7x³ + x² + x + 9) / [(x − 1)(x + 2)²(x² + 1)]

Kipeo kikubwa cha kiasi ni 3, cha asili ni 5, kwa hiyo sikuhitaji kugawanya kwanza. Kiasi kingefikia kipeo cha 5 ningeanza na mgawanyo mrefu, kisha nivunje baki.

Umbo nililoandika:

A/(x − 1) + B/(x + 2) + C/(x + 2)² + (Dx + E)/(x² + 1)

Hesabu nyingi huharibikia hapa, kabla hata ya kutafuta herufi yoyote. (x + 2)² hudai sehemu mbili. Nayo x² + 1 haivunjiki kwa namba halisi, hivyo juu yake hukaa Dx + E, si E peke yake. Kipimo ninachokiamini: idadi ya herufi ilingane na kipeo kikubwa cha asili. Hapa ni 5 kwa 5.

Nilizidisha pande zote kwa asili nzima:

7x³ + x² + x + 9 = A(x + 2)²(x² + 1) + B(x − 1)(x + 2)(x² + 1) + C(x − 1)(x² + 1) + (Dx + E)(x − 1)(x + 2)²

Ukiweka x = 1, kila penye (x − 1) hufutika: 18 = 18A, A = 1. Ukiweka x = −2: −45 = −15C, C = 3. Angalia alama hapo, kwani 7(−2)³ ni −56.

Zimebaki B, D na E. Sikufungua mabano yote. Nililinganisha namba zinazozidisha kipeo kilekile cha x pande zote mbili, pale palipo rahisi, nikiwa na A = 1 na C = 3:

x⁴: 1 + B + D = 0
x³: 7 + B + 3D + E = 7
namba isiyo na x: 1 − 2B − 4E = 9

Wa kwanza unatoa D = −1 − B. Nikiiweka katika wa pili, E = 3 + 2B. Wa tatu unakuwa 5B = −10. Basi B = −2, D = 1, E = −1.

Niliijaribu pia bila B, yaani (x + 2)² ikiwa na sehemu moja tu, nione kosa lile la umbo linavyojitokeza. D ikawa −1, E ikawa −2, halafu upande wa x³ ukaleta 2 badala ya 7. Milinganyo ikigombana hivyo, rudi kwenye umbo. Usipoteze muda kutafuta alama iliyokosewa.

Kuhakiki nilitumia x = 2. Sikutumia 0, kwa sababu mlinganyo wa namba isiyo na x ndio huohuo wa x = 0. Kushoto: 71/80. Kulia: 1 − 1/2 + 3/16 + 1/5, nayo ni 71/80.