Mapipa Manne

Mwaka 1984 nilikuwa kibarua kwenye tishali, chombo cha shehena kinachokokotwa na boti, pale bandari ya Kilindini, Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba na kuchota maji yaliyovuja ndani. Serahangi wetu, yaani mkuu wa mabaharia, alikuwa mzee aliyeanzia ubaharia Royal East African Navy, lile jeshi la majini la wakoloni lililovunjwa 1962, na kila hadithi yake ilianza na "Zama zetu manuari…"

Siku moja ya kusi tukakodiwa na ofisi fulani. Jina nalihifadhi, maana baadhi yao hadi leo twapeana salamu sokoni. Walikuwa na Land Rover kuukuu iliyoandikwa kwamba haifai tena, na kwa sababu wanazozijua wenyewe ikaamuliwa ikatoswe baharini. Leo wanunuzi wa vyuma chakavu wangeipigania. Mkataba wa London wa 1972 wa kuzuia utupaji taka baharini ulikuwapo zamani, lakini kwenye tishali letu hakuna aliyeusikia.

Ilikuja gofu. Bodi ya aluminiamu ilikuwa nzima, ila fremu ya chuma imeliwa na chumvi. Injini, viti, betri, taa na usukani vyote vilikuwa vimetembea usiku. Nyuma yake akaja karani wa stoo, kakumbatia daftari. Serahangi akaliomba, akasoma kwa sauti, taratibu kama mtu asomaye orodha ya mahari: gari 1, blanketi 30, hema 2, pampu ya maji 1, jeki 3, taipureta 1, mapipa 4 ya mafuta machafu.

"Mwanangu, haya yote yamo humu ndani?"

"Ami, wewe tosa tu."

Serahangi akacheka hadi akakohoa. "Zama zetu manuari, nanga moja ikipotea, yaonekana stoo nzima ilikuwa imefungwa kwenye ile nanga."

Katika orodha nzima, ukiacha gari lenyewe, kitu cha kweli kilikuwa mapipa manne. Yalifungwa kwa waya ndani ya gari, vizibo vimekazwa barabara. Nikaligonga moja kwa ngumi, likalia kama ngoma. Mafuta yalikuwa yamekwisha uzwa kitambo. Nikafungua mdomo niseme, Serahangi akanikanyaga mguu.

Tulipotoka mlangoni mawimbi ya kusi yakaanza kutupandisha na kutushusha, na karani akageuka rangi. Tulitakiwa twende mbali sana nje ya mwamba, kwenye kilindi hasa. Hatujafika popote akawa anapiga kelele baina ya tapiko na tapiko: "Hapa! Hapa pana kina!" Haya. Tukaisukuma watu sita, ikatangulia kwa pua, maji yakafoka. Karani akatia sahihi daftari juu ya goti lake, akafuta mdomo.

Land Rover ikarudi juu. Ilitoka matako mbele, polepole, ikatulia inapumua mapovu.

"Yakhe," alisema Serahangi, "yaelea."

Nikairushia kamba mara tatu, kamba ikateleza mara tatu. Ilikuwa bamvua na maji yalikuwa yakijaa kwa kasi. Upepo ukaisukuma, mkondo ukaipokea, na gari lililokosa injini likashika njia ya kurudi mjini kutushinda sisi tuliokuwa tukivutwa na tagi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha Wamarekani walisukuma malori na mabuldoza baharini kule Espiritu Santo, Vanuatu ya leo, na pahala hapo paitwa Million Dollar Point. Wapiga mbizi huenda kuyatazama huko chini. Nikawahusudu. Yao yalizama.

Yetu iliingia Likoni saa feri imejaa watu. Feri ikapiga honi, ikapunguza mwendo. Wauza mihogo wakaacha makarai yao, vijana wakajitupa majini wakaikokota hadi ufuoni. Tulipofika, mzee mmoja wa kanzu alikuwa akiizunguka akiuliza, kwa wasiwasi wa kweli, dereva yuko wapi.

Na kwenye foleni ya feri, kwa bahati ya karani, alikuwamo mkubwa wake. Akanyoosha mkono, akapewa daftari. Akasoma. Akachungulia ndani ya gari. Akasoma tena.

"Blanketi thelathini?"

"Zimezama, bwana."

"Blanketi zimezama, gari limeelea?"

Karani akatazama maji.

"Na hema?"

"Nazo."

"Taipureta?"

Hapo Serahangi akashuka, akavua kofia, akasimama wima kama zama zake manuari. "Samahani, bwana mkubwa. Kabla hujalifunga hilo daftari, niandikie na kamba yangu mpya, pima ishirini. Imekwenda na gari."

Ile kamba nilikuwa nimeikalia.