Mchango kabla ya ugonjwa: nyonga ya Dortmund na nyonga ya Tanga

Tangu nirudi Tanga nimeulizwa mengi kuhusu Ujerumani: mishahara, baridi, viza, ubaguzi. Kuhusu matibabu sijaulizwa na mtu, na hilo ndilo ninalotamani kulisema. Kazi yangu Dortmund ilikuwa kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo bima ya afya ya Wajerumani niliijua kama mtu anayekatwa mshahara kila mwezi, na pia kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane. Sasa nimerudi, na ukoo wetu haujakaa sana umepata mgonjwa. Maradhi ni yaleyale niliyoyaona kule mara nyingi: mzee kaanguka, nyonga imevunjika.

Nianze na ya kule. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia aliteleza bafuni alfajiri. Gari la wagonjwa lilipofika, mhudumu mmoja aliniomba kadi ya bima ya bibi, ile ya plastiki yenye picha yake. Nikaitoa kwenye droo ya kabati lake, nikampa, wakaondoka. Pesa haikutajwa na yeyote. Kule kuna kanuni, tangu 2021, kwamba aliyevunjika nyonga apasuliwe ndani ya saa 24 kama hali yake inaruhusu, maana mzee akilazwa chali akisubiri, nimonia inamwingia, mgongo unatoka vidonda, damu inaganda miguuni. Bibi yule alipasuliwa siku ileile, akapelekwa kituo cha mazoezi ya viungo, akarudi kwetu anatembea kwa kigari cha kushikia. Baadaye binti yake akaletewa ankara kwa posta: yuro 10 kwa kila siku aliyolala wodini. Sheria inaweka ukomo wa siku 28 kwa mwaka, kwa hiyo hata angelazwa miezi mitatu, kitanda kisingemdai zaidi ya yuro 280.

Ya huku ni baba yangu mdogo. Alikuwa amepakiwa bodaboda, pikipiki ikateleza kwenye mchanga, akaangukia ubavu. Daktari aliyempokea alikuwa mtu mwema, akatuonyesha picha, akatueleza kwa utulivu kwamba lazima awekewe vyuma. Kisha tukapewa karatasi ya mahitaji: vyuma, chupa za damu, vifaa vya chumba cha upasuaji, dawa. Dirisha la malipo swali la kwanza lilikuwa, "Mna bima au taslimu?" Baba mdogo ni fundi wa mashua, hajawahi kuajiriwa maishani mwake. Bima hana.

Kwa kuwa amevuka miaka 60 tulielekezwa ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msamaha wa wazee. Wakataka barua ya serikali ya mtaa. Barua ikapatikana, msamaha ukatolewa: kumwona daktari, kitanda, baadhi ya dawa. Vyuma havimo. Hapo kundi la ukoo kwenye WhatsApp likaamka, na orodha ikaanza kuzunguka. Shangazi wa Pangani 20,000, imepokelewa. Familia ya Korogwe 50,000, ahadi. Kijana wa Mwanza 10,000, imepokelewa. Kila aliyechangia, mweka hazina anainakili orodha yote upya na kuandika jumla chini. Wiki ikaisha jumla haijafika. Siku zote hizo baba mdogo amelala chali na mguu umefungiwa uzito, na mimi ninayejua nini kinampata mzee akilala chali namgeuza kila baada ya muda, namkanda mgongo, nahesabu pumzi zake.

Amepasuliwa, yuko hai, anajifunza kutembea. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wote waliochanga. Ila pesa zilizokusanywa na ukoo wetu kwa shida ile moja zingetosha kuzikatia bima kaya nyingi za ukoo huu kwa mwaka mzima. Hili ndilo lililonifanya niandike. Kuchangiana tunajua sana. Tatizo letu ni wakati wa kuchanga: tunasubiri mtu aanguke.

Usidhani Wajerumani walizaliwa na hekima hiyo. Chanzo cha bima yao ni vyama vya kuchangiana vya mafundi na wachimba madini, waliokuwa na sanduku lao kwa ajili ya mwenzao atakayeumia shimoni au mjane atakayebaki. Ni upatu wa shida, kama vikoba vyetu vilivyo na mfuko wa jamii. Mwaka 1883, wakati wa Bismarck, kansela wa Ujerumani, sheria ikaja kuwalazimisha wafanyakazi wa viwandani kuingia kwenye mifuko ya namna hiyo na waajiri nao wachangie. Mwanzoni ilimgusa takriban mtu mmoja kati ya kumi tu. Wakulima waliojiajiri hawakuingizwa mpaka 1972. Na wajibu wa kila mkazi kuwa na bima ya afya ulikamilika 2009. Tunapovunjika moyo kwamba wakulima na wavuvi wetu hawana bima, tukumbuke kwamba hata kule mkulima alisubiri karibu miaka tisini.

Leo mchango wa msingi kule ni asilimia 14.6 ya mshahara, nusu yako nusu ya mwajiri, na juu yake kila mfuko unaongeza kiasi kidogo chake, nacho hugawanywa nusu kwa nusu. Ni pesa nyingi. Vijana wenzangu kazini walilalamika kila karatasi ya mshahara ilipotoka. Lakini tazama inachonunua. Mke au mume asiye na kipato anaingia bila nyongeza, na watoto pia, wawe wawili au saba. Anayelipwa kidogo anachangia kidogo na wodini anapata matibabu yaleyale. Mfuko hauruhusiwi kumkataa mtu kwa kuwa ana kisukari au saratani, na tangu 2009 michango yote inaingia kwenye chungu kimoja cha taifa, kisha kila mfuko unagawiwa kulingana na umri na magonjwa ya wanachama wake, ili unaohudumia wazee wengi usife njaa. Kuanzia 1995 kuna na bima nyingine ya lazima, ya matunzo, kwa anayeshindwa kuoga au kuvaa mwenyewe. Mshahara wangu kwa sehemu ulitoka humo.

Kasoro wanazo. Mwenye mshahara mkubwa anaruhusiwa kujitoa kwenye mfuko wa wote na kwenda bima binafsi, na mimi hilo nalihesabu kuwa dhuluma, kwa sababu anaondoka na mchango wake mnono na afya yake njema. Ukipiga simu kwa daktari bingwa wa ngozi, mwenye bima binafsi hupata miadi mapema kuliko wewe. Marekani sitaisema sana, sikuishi huko, ila ndugu walioko kule wananieleza kwamba bima zao nyingi zimefungamana na ajira, na hata ukiwa nayo unalipa kwanza wewe mwenyewe mpaka ufikie kiwango fulani cha maelfu ya dola ndipo bima ianze kubeba mzigo. Kuna wanaoogopa kuita gari la wagonjwa. Nchi tajiri hivyo!

Jirani zetu wana la kutufundisha zaidi kuliko Ulaya. Rwanda ilianza kujaribu mituweli, bima yao ya afya ya jamii, mwaka 1999 katika wilaya chache, ikaisambaza nchi nzima, na leo Wanyarwanda walio wengi mno wamo. Kwa miaka mingi mchango wa kaya za kawaida ulikuwa faranga 3,000 kwa kila kichwa kwa mwaka, wa maskini kabisa ulilipwa na serikali, na ukifika kituo cha afya uliongezea faranga 200. Sharti lao moja linanivutia sana: kaya nzima ilipiwe. Huwezi kumlipia mgonjwa peke yake ukawaacha wazima. Na wengi hukusanya mchango huo kidogo kidogo kupitia ibimina, vikundi vyao vya kuweka akiba. Ni vikoba vilevile, vimeelekezwa kwenye kadi ya bima.

Kenya wamechagua njia nyingine. Mfuko wao wa zamani wa tangu 1966 ulifungwa, na kuanzia Oktoba 1, 2024 ukaja wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), unaomkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila mwajiri kuweka sehemu yake kama Ujerumani. Binamu yangu Mombasa anauza samaki soko la Kongowea, hana mshahara, kwa hiyo kiwango chake kinapimwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali, na mwanzoni alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anayepata pesa yake ya siku kwa siku utamwambiaje alete ya mwaka mzima? Angalau afunguliwe mlango wa kulipa mia mia za kila wiki.

Sasa tuje kwetu. NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, iliundwa kwa sheria ya 1999, ikaanza kazi 2001 na watumishi wa serikali: asilimia 6 ya mshahara, tatu za mtumishi na tatu za mwajiri, kwa mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wanne. Mpango mzuri, nao haukutofautiana sana na wa Bismarck kwa kuanza na waajiriwa. Vijijini ikaja CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyojaribiwa Igunga mwaka 1996, na ilipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu sita mikoani ililipa Sh 30,000 kwa mwaka. Hata hivyo, muswada wa bima ya afya kwa wote ulipokuwa unajadiliwa, serikali yenyewe ilisema wenye bima nchini ni kama asilimia 15 tu.

Kilichotokea kwa Toto Afya Kadi, bima ya NHIF kwa mtoto mmoja mmoja, kinaonyesha ugonjwa wetu ulipo. Kadi ile ilikuwa Sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na iliokoa watoto wengi. Lakini wazazi wengi waliikata siku mtoto alipokwishaugua, wengine wakiwa tayari wameshajua kwamba anahitaji upasuaji wa moyo. Siwalaumu, ningekuwa mzazi wa mtoto yule ningefanya hivyohivyo. Mfuko wenye wagonjwa watupu hausimami, na Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaelekezwa kusajiliwa kwa makundi kupitia shule. Mtoto wa miaka miwili anasoma shule gani? Walioachwa nje na utaratibu ule ni wale wadogo wanaougua zaidi.

Kwa sababu hiyo naiunga mkono kwa moyo wote Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Imefanya bima kuwa ya lazima, imeangalia kaya badala ya mtu mmoja, na imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo kutokana na ushuru wa vitu kama soda, pombe na vipodozi. Hayo yote ni ya msingi. Nikisikia mtu anasema bima ya lazima ni uonevu, namwambia uonevu ni orodha ya WhatsApp inayozunguka wiki nzima wakati mzee analia wodini.

Lakini serikali nayo isikie upande wa mwananchi. Hofu ya watu wa mtaani kwetu haitoki hewani. Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya mvutano wa bei za kitita kipya cha mafao, na wenye kadi walizunguka mjini na wagonjwa wao. Mara ngapi mtu mwenye bima anaandikiwa dawa, anafika dirishani anaambiwa, "Hii hatuna, kanunue nje"? Kadi ya bibi wa Dortmund ilikuwa na nguvu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na daktari, vyuma na dawa. Kama zahanati ya kata haina hata dawa ya presha, mwenye akili timamu atauliza analipia nini, na hilo si ukaidi.

Wiki iliyopita tulikaa kikao cha ukoo, barazani kwa baba mdogo, yeye mwenyewe ameketi na magongo yake pembeni. Nilileta pendekezo: mchango wetu wa kila mwezi, ambao mpaka sasa ni wa misiba na harusi, sehemu yake ikatie bima kaya nzimanzima, tukianza na wajane na wazee wasio na watoto mjini, kabla mtu hajaugua. Mjomba mmoja alipinga kwa hoja nzito: tukishalipa, halafu kadi isipokewe, nani atamrudishia pesa mjane? Tukakubaliana hivi: mfuko wa dharura haufutwi, unapunguzwa tu, na vijana wawili wa ukoo wanaofanya kazi katika sekta ya afya watakuwa wanafuatilia kadi inapokataliwa na dawa inapokosekana, waandike tarehe, kituo na jina la dawa, wapeleke malalamiko panapohusika. Mweka hazina ameanza kukusanya namba za vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Vyeti ndivyo vinavyotukwamisha sasa, kaya tatu za Pangani hazina hata kimoja, na shangazi ameahidi kwenda nao ofisi ya wilaya Jumatatu.