Rafu ya Kiajemi: tarehe zimekubali, sasa Nairuzi imenivuta Makunduchi

Hatimaye jedwali la mradi wangu wa kusoma, Rafu ya Kiajemi, limekubali. Matukio ya vitabu tisa vya Wairani walioko ughaibuni, kuanzia Los Angeles hadi Paris, yamekaa kwenye mstari mmoja wa wakati, na hakuna tena mhusika anayehama nchi kabla hajazaliwa. Tatizo lililokula wiki tatu ni moja tu: mwaka. Kwa hiyo kumbukumbu ya leo ni ya tarehe. Sehemu ya mapishi iliyokuwa ifuate inasogezwa mbele.

Kwa nini kung'ang'ania tarehe kwenye mradi wa kusoma? Kwa sababu katika vitabu hivi tarehe ndiyo inayokuambia mhamiaji aliondoka na nini kichwani. Familia ya mwandishi Firoozeh Dumas ilitoka Abadan, mji wa mafuta, ikafikia Whittier, California, mwaka 1972, wakati ambao Wamarekani wengi walikuwa hata hawajawahi kuisikia Iran. Aliyefika baada ya 4 Novemba 1979, siku ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipotekwa, alikuta jina la nchi yake liko kwenye taarifa ya habari kila jioni. Aliyetoka katikati ya vita na Iraq, kati ya Septemba 1980 na Agosti 1988, ana hofu nyingine kabisa. Ukikosea miaka miwili mitatu, unamsoma mtu kwa wimbi ambalo si lake, na kila neno lake linabadilika maana.

Kosa linaloanza mapema kuliko yote ni la tarakimu mbili. Wairani wanapozungumza huukata mwaka: mapinduzi yaliyomwondoa Shah, mfalme wao, ni "ya 57", yaani 1357 ya kalenda yao. Wafasiri wengi huliacha neno hivyohivyo, na msomaji wa huku anaona 1957. Ngumu zaidi ni "watoto wa miaka ya sitini", dahe shasti. Hao si watu wa enzi za Mwalimu na Kenyatta. Ni waliozaliwa kati ya 1360 na 1369, yaani Machi 1981 hadi Machi 1991, kizazi kikubwa kilichokulia kwenye ving'ora na foleni za kuponi. Kanuni ninayofuata sasa: mwaka wowote wa tarakimu mbili unapakwa rangi nyekundu, na rangi haiondoki mpaka kitabu chenyewe kitoe ushahidi wa pili, umri wa mtu, jina la waziri mkuu, chochote.

Kisha kuna 621 na 622. Kalenda rasmi ya Iran ni ya jua na mwaka wake unaanza Machi, siku ya Nauruzi. Kwa hiyo, ili kupata mwaka wa kwetu, kuanzia Farvardin, mwezi wa kwanza, hadi mwanzoni mwa Dey, mwezi wa 10, unajumlisha 621, na kuanzia hapo hadi mwisho wa Esfand, mwezi wa 12, unajumlisha 622. Mpaka wenyewe, 1 Januari, kwa kawaida uko kwenye 11 Dey, ingawa miaka mingine husogea siku moja mbele au nyuma. Ukijumlisha 621 kwa kila kitu utapata mapinduzi mwaka 1978, kwa sababu ushindi wake ni 22 Bahman 1357, na Bahman iko upande wa pili wa mpaka. Kosa hili limo hata kwenye maelezo ya nyuma ya vitabu vilivyochapishwa vizuri.

Njia isiyokosea ni kuhesabu siku. Miezi 6 ya kwanza ina siku 31 kila mmoja, 5 inayofuata ina siku 30, wa mwisho una 29, au 30 ukiwa mwaka mrefu. Tafuta kwanza ni siku ya ngapi ya mwaka wao, kisha ijumlishe kwenye 20 Machi ya mwaka wa kwetu ulioanza nao. Kwa 22 Bahman, mwezi wa 11: miezi 6 ya mwanzo ni siku 186, miezi 4 kamili inayofuata ni 120, ongeza 22, unapata 328. Sogea siku 328 kutoka 20 Machi 1978 na unatua 11 Februari 1979. Ndiyo siku yenyewe. Kuanzia 1343 hadi 1374 Nauruzi iko 21 Machi kila mwaka, kwa hiyo kwa vitabu vya kizazi cha mapinduzi huna haja ya marekebisho yoyote. Kuanzia 1375, yaani 1996, miaka mingine inaanza 20 Machi, na hapo fomula inahitaji kupunguza siku moja.

Haya yote yalikuwa yameshafanya kazi, na bado kulikuwa na watu waliogoma kukaa. Wote walikuwa wachanga wakati wa kuondoka Iran, na wote vyeti vyao vya kuzaliwa, shenasnameh, vilikuwa na mwaka 2535, 2536 au 2537.

Nilidhani ni makosa ya uchapaji. Si makosa. Mwezi Machi 1976 serikali ya Shah iliacha kuhesabu kuanzia Hijra, ikaanza kuhesabu kuanzia utawala wa Koreshi, yuleyule wa kwenye Biblia. Watu walilala 1354, wakaamka 2535. Kalenda hiyo ilidumu hadi Agosti 1978, serikali ilipoirudisha ya zamani katika jitihada za kutuliza hasira za watu. Hesabu ni rahisi ukishajua: toa 1180 urudi kwenye mwaka wa kawaida wa Iran. 2535 ni 1355, 2536 ni 1356, na 2537 ni ile sehemu ya 1357 iliyopita kabla ya kuirudisha. Miezi haikubadilika, siku hazikubadilika.

Ni miaka miwili na nusu tu, lakini angalia ni nani wanaangukia humo. Waliozaliwa 2535 walikuwa na miaka miwili kuelekea mitatu mapinduzi yalipofika. Ndio hao waliobebwa mgongoni kuvuka mipaka, wakakulia Kiingereza au Kifaransa, na leo wanaandika riwaya kuhusu nchi wasiyoikumbuka. Cheti chao chenyewe kina mwaka ambao hakuna mtu Iran anayeutumia tena. Mwandishi anapoweka namba hiyo kwenye ukurasa bila kuieleza, anamwonyesha msomaji wa Kiirani mtu aliyezaliwa ndani ya dirisha lililofungwa. Sisi wengine tunaipita kama namba ya simu. Hapo ndipo wiki tatu zilipolipa.

Sasa vifaa. LibreOffice Calc, programu ya majedwali, ni nzuri kwa mambo mengi, ila usiiachie ikuamulie tarehe. Ukiandika 1357-11-22, inaikubali kama 22 Novemba ya mwaka 1357, enzi za Ibn Battuta. Ukiandika 1357-02-31, siku halali kabisa ya Ordibehesht, mwezi wao wa pili, inaikataa kwa kuwa Februari haina siku 31, inaiacha kama maandishi. Ukipanga safu, tarehe zinakaa juu na maandishi yanashuka chini, kimyakimya. Matukio ya siku za mwisho za Ordibehesht yalikuwa yanapotelea chini ya jedwali na wala hakuna onyo. Excel nayo inaacha kila tarehe ya kabla ya 1900 kama maandishi, na seli yenye 1357 peke yake ukiipa umbo la tarehe inakuwa 18 Septemba 1903. Dawa: usiandike tarehe hata moja. Weka safu tatu za namba tupu, mwaka, mwezi, siku, na ya nne ya herufi ya kalenda: S kwa jua, Q kwa mwezi wa Kiislamu, F kwa kifalme, M kwa Miladi. Fomula isome herufi kwanza.

Kuna na suala la tarakimu. Anayesoma Kiarabu atadhani anazijua zote, lakini 4, 5 na 6 za Kiajemi (۴ ۵ ۶) zimeandikwa tofauti na za Kiarabu (٤ ٥ ٦), na kwenye kompyuta hata zile zinazofanana macho ni alama tofauti. Hali ni hiyohiyo kwa ye na kaf: ی si ي, ک si ك. Ukitafuta jina kwa kibodi ya Kiarabu ndani ya maandishi ya Kiajemi, unaambiwa halipo, na liko mbele ya macho yako. Weka kibodi ya Kiajemi kwenye simu, inachukua dakika mbili, na badilisha herufi zote kwa mkupuo kabla hujaanza kutafuta.

Kujaribu jedwali nilitumia mtu ambaye tarehe zake ziko wazi. Marjane Satrapi alizaliwa 22 Novemba 1969. Kwa kalenda yao hiyo ni 1 Azar 1348, na jedwali limetoa hivyo bila kusita. Persepolis, kitabu chake cha katuni kuhusu maisha yake, iliyotoka Ufaransa kwa juzuu nne kati ya 2000 na 2003, inaanza 1980 msichana akiwa na miaka 10. Imekaa.

Hatua iliyofuata ilikuwa jikoni: kulinganisha ukoko wa kwetu na tahdig, ambayo kwa Wairani ndiyo sehemu inayogombewa mezani. Imesubiri. Kilichonivuta ni Darius the Great Is Not Okay ya Adib Khorram, ya 2018, ambamo kijana wa Portland anapelekwa Yazd kwa ndugu wa mama yake, Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Iran, msimu wa Nauruzi. Nikiandika safu ya kalenda ya Wazoroasta, nikakuta hesabu ambayo mtu wa pwani hawezi kuipita.

Nauruzi ya Iran iko Machi kwa sababu mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, wanajimu akiwemo Omar Khayyam waliifunga kwenye siku ambayo usiku na mchana vinalingana. Kalenda ya zamani ilikuwa na siku 365 kamili, bila mwaka mrefu, ikiteleza karibu siku moja kila miaka minne. Waparsi, yaani Wazoroasta wa India, wanaofuata hesabu iitwayo Kadmi hawakuifunga. Wao wanaanza na 16 Juni 632 kwa kalenda ya zamani ya Ulaya, ile ya Julius, mwaka alioanza kutawala Yazdgerd III, mfalme wa mwisho wa Kiajemi kabla ya Uislamu. Hesabu miaka ya siku 365 kutoka hapo hadi 2023, na mwaka mpya unaangukia 17 Julai ya kalenda ya sasa.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, ni Julai. Jina lake jingine ni Nairuzi. Na mwaka wa pwani nao ni wa siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 juu yake, hesabu waliyoitumia mabaharia na wakulima kujua kusi na kaskazi. Ibn Majid, nahodha Mwarabu wa karne ya 15, alipangia safari za Bahari ya Hindi kwa siku zilizohesabiwa toka Nairuzi. Kukaribiana kwa tarehe hakuthibitishi ni nani aliyeleta nini, na moto wa kibanda kinachochomwa Makunduchi siulinganishi na moto wa mkesha wa Jumatano ya mwisho ya mwaka kule Iran kwa sababu tu yote ni moto. Lakini aina ya kalenda ni ileile, na kwa hesabu inapaswa kuteleza kwa mwendo uleule.

Kwa hiyo jedwali limepata herufi ya tano, N. Fomula yake ndiyo fupi kuliko zote, zidisha kwa 365 basi. Kinachotakiwa sasa ni tarehe za Mwaka Kogwa zilizoandikwa na wageni na maafisa wa zamani wa Unguja, nyingi kadiri zitakavyopatikana, nione kama zinarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Wino wa safu hiyo bado ni mwekundu.