Kola za mbuzi, Mvumi: aliyesimama wima na anayecheua

Mbuzi wa mjomba wameshazoea mikanda ya shingoni niliyowafunga, yenye kiboksi cha kurekodi wanachofanya, hata kujikuna wameacha. Mjomba mwenyewe ndiye bado. "Kengele gani hii isiyolia?" aliniuliza tena juzi huku akiigonga kwa kucha.

Ndani ya kiboksi mna akselerometa, kihisi kinachopima mchapuko (kasi inavyobadilika) katika pande tatu, mara 25 kwa sekunde. Data ya siku nzima ni kama megabaiti 13, kwa hiyo kadi ya kumbukumbu ya simu inatosha kabisa. Mbuzi akitulia tuli, kifaa bado kinasoma mvutano wa dunia, g 1, na jinsi unavyogawanyika kwenye zile pande tatu ndiyo inayoonyesha shingo imeinama au imeinuka. Akianza kutembea, mawimbi yanapanda juu ya hapo.

Nilianza na kanuni rahisi: shingo chini na mtikisiko mdogo, anakula. Kiangazi cha Dodoma kimeikataa. Majani ya chini yameisha, mbuzi sasa wanaufuata mgunga. Jike mmoja mweusi anasimama kwa miguu ya nyuma, kwato za mbele kwenye tawi, shingo juu kabisa, na kila akichuma majani grafu inatoa mchomo mfupi mkali. Programu ikaandika: anapumzika! Tabia hiyo nimeipa jina lake kwenye programu, "kula wima". Wala si vituko vya mbuzi tu, maana swala twiga wa kaskazini mwa nchi hula hivyohivyo.

Ndiyo maana siachi kuwapiga mbuzi video pia, nilinganishe na grafu. Kabla ya kumfunga mbuzi natikisa kifaa mara tatu mbele ya kamera ya simu. Ile michomo mitatu kwenye grafu ndiyo inayonilinganishia saa ya kifaa na ya picha.

Kazi ngumu iko kwenye utulivu. Watafiti waliofuatilia tembo wawili majike huko Chobe, Botswana, waliweka kihisi ndani ya mkonga, na mkonga ukitulia dakika 5 au zaidi walihesabu kwamba amelala. Matokeo yalitoka 2017: wastani wa saa 2 tu za usingizi kwa siku. Mkonga haukai kimya tembo akiwa macho, kwa hiyo mahali walipochagua naona palikuwa nusu ya utafiti. Mbuzi wangu hulala chini saa nzima akicheua, na kwa kihisi cha shingoni hilo karibu halionekani kabisa. Nimesogeza kihisi kimoja chini ya taya: sasa naona mdundo wa kutafuna, kituo kidogo anapomeza, kisha tonge jingine linapanda.

Rafiki zangu wananiuliza lini nitaingia Swagaswaga, pori la akiba la wanyamapori. Kumvisha mnyamapori kola kunataka kibali cha utafiti kupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, na daktari wa kumlaza kwa dawa. Uzito nao una mpaka, wengi husema usizidi asilimia 3 hadi 5 ya mnyama. Kwa sasa anayefuata ni punda wa jirani, akikubali mwenyewe. Jirani kashakubali.