Pasaka Mombasa na Mama na Watoto: Tulivyojipanga kutoka Jinja

Kutoka Jinja hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000, na wengi niliowaambia kwamba tunakwenda huko kwa mapumziko ya Pasaka walinijibu kuwa ule ni mji wa likizo ya Desemba, si wa wikendi. Mimi nasema inawezekana, hata ukiwa na watoto wadogo na mama mzazi mwenye magoti yanayouma. Barabara uimalize usiku watoto wakiwa wamelala, na ukifika, upange ndani ya Mji wa Kale kwenyewe, mahali ambapo asubuhi unafungua mlango na kuanza kutembea.

Aliyetusukuma ni Mama. Baba yake alikuwa fundi wa reli Tororo enzi zile reli ilipokuwa moja kwa Afrika Mashariki yote, na Kiswahili cha nyumbani kwetu kilianzia kwenye kota za reli. Mama alikua akisikia kwamba kichwa cha treni, taruma la chuma na hata gunia la chumvi, vyote vimetoka Mombasa. Reli ilianza kujengwa huko mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona bahari. Nilitaka aione angali na nguvu za kupanda ngazi.

Tuliondoka Jinja Alhamisi jioni kwa basi la Nairobi. Malaba tulifika usiku. Siku hizi unagongewa mihuri ya kutoka Uganda na ya kuingia Kenya katika jengo moja, upande wa Kenya, kwa hiyo hakuna tena kuwaamsha watoto mara mbili. Mtu mzima wa Uganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini watoto niliwachukulia pasipoti, na vyeti vyao vya kuzaliwa nikaviweka mkoba mmoja na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Ofisa akiuliza mtoto huyu ni wa nani, unampa karatasi, hakuna maneno mengi.

Uamuzi ninaouona ulitusaidia kuliko yote ni wa treni ya kutoka Nairobi hadi Mombasa. Kuna ya saa mbili asubuhi na kuna ya saa tisa alasiri. Ya asubuhi inavutia kwa sababu unafika mapema, lakini basi likikwama mpakani au likakuta foleni ya malori, tiketi imekwenda. Nilichagua ya alasiri. Binamu yangu anakaa Syokimau, karibu na stesheni. Yeye ndiye aliyetukatia tiketi mapema kwa M-Pesa yake, maana Pasaka Nairobi nzima hushuka pwani na viti huisha. Kwake tulioga, tukala, watoto wakalala hadi adhuhuri. Nendeni stesheni saa nzima kabla: mizigo hupangwa mstari chini, mbwa hupita kuinusa, kisha kuna ukaguzi mwingine ndani.

Jioni treni ilikuwa ikipita Tsavo. Tembo wa kule wana rangi ya udongo mwekundu wanaojipaka, na watoto waliwaona kwa macho yao bila sisi kulipa gari la mbugani. Mama akawasimulia simba wawili waliowala wajenzi wa daraja la mto Tsavo mwaka 1898 mpaka kazi ikasimama. Hadithi hiyo aliipata kwa baba yake, naye aliipata kwa mafundi waliomtangulia. Kitinda mimba wangu alihamia katikati ya kiti.

Treni inaishia Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, na ukishuka usiku na mizigo huna muda wa kubishana bei. Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa ametutumia dereva anayemjua. Kuhusu kulala: hoteli kubwa za ufukweni ziko kaskazini na kusini ya kisiwa, na kila ukitaka kuja mjini ni gari na foleni. Kwa mtu wa wiki nzima, sawa. Kwa sisi zingetula saa ambazo hatukuwa nazo. Tulipata vyumba viwili katika nyumba ya kawaida ya Mji wa Kale. Asubuhi mwenye nyumba alituletea mahamri na mbaazi za nazi, akamwambia Mama, "Karibu dadangu, hapa ni kwenu." Mama akajibu kwa Kiswahili chake cha Tororo, na wakaongea mpaka chai ikapoa.

Jumamosi tuliingia Ngome ya Yesu ilipofunguliwa, kabla ya jua kukaza. Beba kitambulisho, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki wana kiingilio chao, cha chini kuliko cha wageni wa mbali. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe juu ya mwamba unaotazama mlango wa bahari, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Niliwaambia watoto wachague kitu kimoja kila mmoja, wakitazame vizuri, wanieleze. Mdogo alichagua mizinga. Wa kati alichagua mifupa ya nyangumi. Kifungua mimba, ambaye yuko sekondari, aliganda mbele ya michoro ya meli iliyochorwa ukutani na mabaharia wa Kireno, akauliza kwa nini watu waliokuwa na ngome nene hivi walishindwa. Tukakaa kivulini tukamsimulia: jeshi la Waomani liliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi zaidi ya risasi. Baadaye Waingereza waliigeuza gereza, tangu 1895 hadi 1958. Mtoto aliposikia kwamba ndani ya kuta zile watu walifungwa hadi wakati ambapo bibi yake alikuwa tayari amezaliwa, alimgeukia Mama akamtazama. Hapo historia ilimwingia kuliko kwa kitabu chochote.

Kutoka ngomeni unaingia mtaa wa Ndia Kuu kwa miguu. Tulitembea polepole kwa kasi ya Mama: milango ya nakshi, roshani za mbao, msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mweupe, bandari ya zamani ya majahazi. Biashara Street nilimwachia Mama achague leso, na alichagua kwa kusoma jina, yaani msemo ulioandikwa, kwanza, rangi baadaye. Mchana tulilala. Joto la pwani halibishani na mtu wa Jinja.

Alasiri tukaenda Likoni kupanda feri. Anayevuka kwa miguu halipi kitu, na kwangu hakuna matembezi ya bure yanayoishinda hii. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia bandari ya Kilindini, kubwa kuliko mtaa wetu, na mume wangu akawaonyesha watoto: magari na bidhaa nyingi zinazofika Kampala hupita hapa. Mama alishika chuma cha feri akaitazama meli ile mpaka ikapotea bandarini. Hakusema neno, nasi tukamwacha. Kutoka hapo ni hatua chache hadi bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na madafu.

Ufuko tuliuwekea Jumapili, na hapa mwenye nyumba alitufaa sana. Mwezi ulikuwa mpevu, akasema ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida: "Maji yatakupwa saa nne, yatajaa alasiri. Asubuhi waacheni wacheze, kuogelea ni baadaye." Tukaenda ufuko wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, usio na kiingilio. Watoto wangu wamekulia kando ya ziwa na Nile, maji yasiyojaa na kupwa kila siku. Walikuta bahari imerudi nyuma mbali kabisa, wakaokota makome, wakakuta kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, kwenye kidimbwi wakakirudisha. Kisha maji yakaanza kurudi, na kufikia alasiri pale walipokuwa wakikimbia palikuwa na kina cha mtu. Ukienda na watoto uliza saa za maji kabla ya kuuliza bei ya chochote, na wakati maji yanajaa usiondoe macho kwao.

Saa kumi na moja tuliondoka ufukweni ili foleni isitukamate, tukachukua mizigo na kupanda treni ya saa nne usiku. Nairobi tulishuka alfajiri, basi la asubuhi likatufikisha Jinja Jumatatu usiku. Tiketi ya kurudi tuliikata siku ile ile ya kukata ya kwenda, na Pasaka usiache hilo. Fedha nyingi zilikwenda kwenye usafiri. Chakula cha Mji wa Kale ni cha bei ya watu. Mama magoti yalimuuma, akayapaka dawa, na sasa anauliza kuhusu Lamu.