Kufuata Picha za Askari wa Vifaru, kutoka Saint-Avold hadi Coburg

Teksi iliyonichukua kutoka stesheni ya Saint-Avold, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, ilinitoza euro 25 kwa mwendo ambao Dar es Salaam ningeumaliza kwa bajaji ya shilingi elfu nne, nami nililipa kwa uchungu kwa sababu Jumapili ile hapakuwa na basi. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Saarbrücken, Ujerumani, nilikokuwa nikihudhuria kozi fupi ya kazi, na siku zangu za mapumziko nilikwisha kuziweka kwa jambo moja: kuwafuata askari ambao nimezitazama picha zao kwa miaka mingi, askari wa Batalioni ya 761 ya Vifaru ya Jeshi la Marekani.

Walikuwa Wamarekani weusi. Batalioni yao iliundwa katika kambi ya Claiborne, Louisiana, tarehe 1 Aprili 1942, wakati ambapo jeshi lile lilimtenga mweusi na mweupe katika mabweni, mezani na ndani ya mabasi. Baadaye walihamishiwa kambi ya Hood, Texas, na huko ndiko luteni wao kijana Jackie Robinson, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa mchezo wa besiboli, alipofikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka 1944 baada ya kukataa kuhamia viti vya nyuma vya basi. Mahakama ilimwachia huru, lakini wenzake walikwenda vitani bila yeye. Walishuka Normandy mwezi Oktoba mwaka huohuo, wakaingia vitani Lorraine, eneo la mashariki mwa Ufaransa, mwanzoni mwa Novemba wakiwa chini ya Jeshi la Tatu la Jenerali George Patton, wakapigana katika theluji ya Tillet nchini Ubelgiji, wakaikata Ujerumani kutoka magharibi kwenda mashariki, na Mei 1945 wakakutana na Warusi huko Steyr, Austria, kwenye mto Enns. Hesabu yao ya vita ni siku 183.

Jeshi la Marekani lilikuwa na wapiga picha wake, na kwa bahati njema baadhi yao walifika karibu na askari hawa. Picha ninayoipenda kuliko zote ilipigwa karibu na mji wa Nancy, Ufaransa, tarehe 5 Novemba 1944, siku chache kabla ya batalioni kuingia vitani kwa mara ya kwanza. Inamwonyesha Koplo Carlton Chapman, mpiga bunduki ya rashasha katika kifaru aina ya M4, akiwa ndani ya kifaru chake. Jina lake limeandikwa, cheo chake kimeandikwa, kazi yake imeandikwa. Nilipoiona mara ya kwanza sikuelewa kwa nini ilinigusa kiasi kile, na ilinibidi nisafiri ndipo nielewe.

Makaburi ya Wamarekani ya Lorraine, yaliyoko Saint-Avold, ndiko teksi iliponifikisha; yana zaidi ya mashujaa 10,000, na hakuna makaburi mengine ya Wamarekani wa Vita vya Pili vya Dunia barani Ulaya yenye idadi kubwa kuliko hiyo. Kuingia ni bure, nami nilishukuru kwa hilo. Misalaba ya marumaru nyeupe, na nyota za Daudi kwa askari Wayahudi, imepangwa kwa mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka. Jambo lililonisimamisha ni kwamba watu ambao jeshi lilikataa wale meza moja walipokuwa hai wamelazwa hapa bila kutengwa, mweusi ubavuni pa mweupe, mtu wa Georgia karibu na mtu wa Ohio. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi jeshini ilitolewa Julai 1948. Waliolala hapa hawakuiona.

Nilikuwa nikitafuta kaburi la Sajenti Ruben Rivers wa Oklahoma. Tarehe 16 Novemba 1944 kifaru chake kilikanyaga bomu la ardhini karibu na Guebling, naye akajeruhiwa mguu hadi mfupa ukaonekana. Kapteni wake, David Williams, ambaye alikuwa mweupe, alitaka arudishwe nyuma akatibiwe. Rivers alikataa dawa ya maumivu, akakataa kuondoka, akahamia kifaru kingine na kuendelea kupigana kwa siku tatu akiwa na jeraha lile, mpaka tarehe 19 alipouawa akiwafunika wenzake wapate kurudi nyuma. Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote Marekani, ilitolewa kwa jina lake mwezi Januari 1997, zaidi ya nusu karne baadaye, siku ambayo Rais Clinton aliwatunuku askari weusi saba wa vita ile na ni mmoja tu kati yao aliyekuwa bado hai kuipokea. Maandishi ya msalaba wa Rivers yametiwa rangi ya dhahabu kama ilivyo kwa wote wenye nishani hiyo, kwa hiyo yanasomeka kwa mbali.

Makaburi mengine hayasomeki hivyo. Jua likipiga, marumaru huwa nyeupe tupu na herufi zilizochongwa hupotea, hasa kwenye picha. Hatua chache kutoka pale niliposimama ilikuwapo familia ya Kimarekani iliyokuja kumzuru ndugu wa bibi yao, na mfanyakazi wa makaburi alikuwa amepiga goti mbele ya msalaba akiwa na ndoo na sponji. Ndani ya ndoo mlikuwa na mchanga uliolowa. Alieleza kwa utaratibu kwamba mchanga ule hutolewa Omaha, ufukwe wa Normandy ambako baadhi ya askari hawa walikanyaga ardhi ya Ufaransa kwa mara ya kwanza. Aliuchota kwa kiganja, akaupaka juu ya jina, akaukandamiza kwa kidole gumba hadi ukaingia katika kila mchongo, halafu akapitisha sponji mara moja tu juu ya jiwe. Mchanga wa juu ukaondoka, wa ndani ukabaki, na jina likatokea kwa rangi ya kahawia kama limeandikwa muda uleule: jina, cheo, kikosi, jimbo, tarehe ya kufa. Familia ikapiga picha. Nilimuuliza mchanga ule hukaa muda gani, akasema mvua ikinyesha unaondoka, naye hurudia kila anapokuja mgeni mwenye mtu wake.

Niliganda pale kwa muda mrefu. Ndani ya begi langu nilikuwa na nakala za picha nilizozichapisha Saarbrücken kwa bei ambayo sipendi kuikumbuka, na mbili kati ya hizo zilipigwa Coburg, mji wa Bavaria, Ujerumani, ulio mbali sana na hapo. Niliamua kwamba lazima nifike.

Safari ya treni kwenda Coburg sitaisimulia kwa urefu. Treni ya kwanza ilichelewa, ya pili ikaondoka bila mimi, nikakaa Bamberg hadi usiku kwenye benchi la chuma, nikilipa euro nzima kila nilipohitaji choo cha stesheni. Nyumba ya wageni niliyoifikia ilinitoza bei ya hoteli kwa chumba kisicho na maji ya moto asubuhi, na mwenye nyumba alinijibu kwamba bomba linatengenezwa tangu juma lililopita. Nililipa, nikaoga maji ya baridi, nikaenda uwanja wa soko.

Katikati ya uwanja huo imesimama sanamu ya Prinsi Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza, aliyezaliwa karibu na mji huu. Malkia mwenyewe alikuja kuizindua mwaka 1865. Picha yangu moja inaonyesha kifaru chepesi cha Batalioni ya 761 pamoja na askari wake mbele ya sanamu hiyohiyo. Nyingine inaonyesha askari wa vifaru vyepesi wakiwa wamesimama karibu na magari yao, na maelezo yake yanasema wanasubiri kuitwa kwenda kumaliza mabaki ya ngome za rashasha za Wanazi mjini Coburg, tarehe 25 Aprili 1945. Mji wenyewe ulikuwa umesalimu amri tarehe 11 ya mwezi huo.

Nilikuwa nikizunguka sanamu na picha mkononi, nikitafuta mahali aliposimama mpiga picha, ndipo mzee mmoja mwenye mkongojo aliponijia akaniomba aione. Alikuwa mwalimu mstaafu, na Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko changu. Aliishika ile picha kwa vidole viwili kwenye kingo kama mtu aliyezoea vitu vya thamani, akanyanyua macho, akaanza kutembea kinyumenyume huku akilinganisha, na mimi nikimfuata kwa hofu asije akaanguka kwenye mawe. Tulihama hivyo mara kadhaa. Mwishowe aligonga mkongojo chini, akasema ni hapa. Akaniambia kwamba mama yake aliviona vifaru hivyo akiwa msichana, na kilichomkaa moyoni hadi uzeeni ni mlio wa minyororo juu ya mawe ya uwanja ule.

Kisha alinionyesha jambo ambalo sikulijua. Aliniambia nitazame juu ya paa la jumba la halmashauri. Pale amesimama Mtakatifu Maurice, mlinzi wa mji, akiwa na fimbo ya ukamanda ambayo wenyeji husema ndiyo kipimo cha soseji zao, zile zinazochomwa uwanjani juu ya moto wa matunda makavu ya msonobari. Maurice, kwa mapokeo ya Kanisa, alikuwa kamanda wa kikosi cha askari waliotoka Thebe, Misri. Halafu mzee akanionyesha chini, kwenye mfuniko wa chemba barabarani. Umechongwa kichwa cha mtu mweusi, kikitazama upande, na pete sikioni. Ndiyo nembo ya Coburg kwa karne nyingi, na kichwa hicho ni cha Maurice.

Mzee hakuficha kitu. Coburg, alisema, ulikuwa mji wa kwanza Ujerumani ambako chama cha Hitler kilipata wingi kamili wa viti katika baraza la mji, mwaka 1929. Mwaka 1934 wakaiondoa nembo ya mtu mweusi, wakaweka upanga wenye swastika. Mwaka 1945, baada ya Wanazi kuanguka, Maurice akarudishwa. Nilitazama picha, nikatazama mfuniko, nikahisi mwili ukinisisimka: mji uliomfukuza askari mweusi kutoka kwenye nembo yake ulikuja kuingiwa na askari weusi wenye vifaru, wakasimama katikati ya soko lake. Sitasema kwamba nembo yenyewe inanifurahisha. Midomo na pete vimechorwa na mtu aliyekuwa akichora mgeni, na Wajerumani weusi wanaodai ibadilishwe wana hoja ya kusikilizwa. Mzee alitaka ibaki, kwa sababu walioiondoa mara ya kwanza walikuwa Wanazi. Tulitofautiana kwa heshima, naye akaninunulia soseji, ambayo ilikuwa tamu kweli.

Aliporudisha picha mkononi mwangu aliniuliza, "Hawa wanaitwa nani?" Sikuwa na jibu. Maelezo yanataja aina ya vifaru, mji, adui na tarehe. Majina ya vijana wale, ambao walikuwa wamefika hapo kwa miezi ya kupigana kutoka Lorraine, hayamo. Koplo Chapman ana jina lake kwa sababu siku ile, karibu na Nancy, kuna mtu aliyemuuliza na kuandika. Batalioni nzima ilingoja hadi 1978 kupewa tuzo ya rais kwa ushujaa wake, na nyuso zilizopigwa Coburg bado zinaitwa askari wa vifaru vyepesi tu.

Swali lile ndilo lililonirudisha nyumbani kabla ya mwili wangu kurudi. Babu yangu mzaa mama alitoka Songea akajiunga na KAR, kikosi cha Waingereza cha askari wa Kiafrika, akapelekwa Burma (Myanmar ya leo) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapita Bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 hadi mto Chindwin. Ipo picha ya askari wetu kando ya mto huo katika hifadhi moja ya picha za kale huko Ulaya. Mama alimtambua baba yake papo hapo, kwa jinsi bega lake la kushoto linavyoshuka. Maelezo ya picha yanasema ni askari wa Afrika Mashariki, basi. Picha za Wamarekani niliweza kuzipakua bila malipo, kwa kuwa zilipigwa na watumishi wa serikali yao na sheria yao inaziachia umma. Ya babu nilitakiwa kulipa ada ili niichapishe na kuitundika sebuleni kwa mama yangu. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na sioni haki yake.

Nilitamani kufika Steyr, kwenye mto Enns, lakini fedha zilikuwa zimekwisha, na zilizobaki nilizihitaji kwa ada hiyo. Kabla sijaondoka Ujerumani niliiandikia ile hifadhi, nikataja jina kamili la babu, namba yake ya jeshi kama ilivyo kwenye cheti chake cha kuachishwa kazi, na mahali alipo katika mstari: wa pili kutoka kushoto. Walinijibu kwamba maelezo hubadilishwa baada ya uthibitisho. Mama amekwisha kukipiga picha cheti hicho mbele na nyuma, nami nimewatumia. Kuhusu wale waliosimama naye, mama anasema yupo mzee huko Peramiho ambaye baba yake alikwenda Burma kwa meli moja na babu, na huenda akawatambua wawili au watatu. Desemba nitampelekea picha hiyo, pamoja na kalamu na daftari.